Arnold Jacobs: Mpiga tuba wa Chicago aliyefundisha kuvuta pumzi

Kwa muda wa miaka 44, kuanzia mwaka 1944 hadi 1988, kiti cha tuba katika Okestra ya Simfoni ya Chicago, nchini Marekani, kilikaliwa na mtu mmoja tu: Arnold Jacobs. Aidha alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, kaskazini mwa jiji hilo, na wanamuziki kutoka pembe nyingi za dunia walifunga safari kwenda kujifunza kwake namna ya kuvuta pumzi na kuitoa. Ajabu ni kwamba mapafu yake mwenyewe yalikuwa dhaifu.

Jina lake halijulikani sana nje ya ulimwengu wa ala za kupuliza. Mpiga tuba huketi nyuma kabisa jukwaani, na watu wengi huondoka ukumbini bila kujua kwamba wamemsikia. Hata hivyo, ni vigumu kukutana na mwalimu wa tarumbeta, tromboni au tuba katika chuo chochote kikubwa cha Marekani ambaye hajagusa, moja kwa moja au kupitia kwa mwalimu wake, yale aliyoyafundisha Jacobs.

Ala changa

Aliyewahi kuitazama bendi ya polisi au ya jeshi ikipita, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, anaifahamu tuba kwa sura hata kama haijui kwa jina. Ni ile ala ya shaba iliyo kubwa kuliko zote, yenye mdomo mpana kama beseni, ambayo mpigaji huikumbatia au huivaa begani. Sauti yake ndiyo msingi wa bendi nzima, mfano wa nguzo katika nyumba.

Ikilinganishwa na ala nyingine za okestra, tuba ni mtoto. Hati ya kuimiliki kama uvumbuzi ilitolewa mjini Berlin tarehe 12 Septemba 1835, kwa Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za kijeshi za Prussia, na Johann Gottfried Moritz, fundi wa ala. Kabla ya hapo sauti za chini kabisa zilitolewa na ala ya mbao iliyopindapinda iliyoitwa nyoka, kisha na nyingine ya shaba iliyoitwa ofikleidi, zote zikiwa na ugumu wake. Mozart alifariki mwaka 1791 na Beethoven mwaka 1827. Maana yake ni kwamba mpiga tuba hana hata noti moja aliyoandikiwa na mabwana hao wawili.

Kwa hiyo urithi wake unaanza na kina Berlioz na Wagner, ukaendelea kwa Bruckner, Mahler, Richard Strauss na Prokofiev. Na hata humo, kazi kubwa ya mpiga tuba ni kungoja. Katika Simfoni ya Tisa ya Dvořák, ile iitwayo ya Dunia Mpya, tuba hupiga noti 14 tu, zote katika sehemu ya pili. Mpigaji hukaa kimya katika sehemu nyingine zote, kisha hutakiwa zile noti chache azitoe bila dosari, mbele ya umati, na huku ala imepoa.

Asili ya kijeshi ya tuba si jambo geni kwa Waswahili. Ni mkondo huohuo wa bendi za kijeshi za Ulaya uliofika pwani ya Afrika Mashariki na, mwishoni mwa karne ya 19, ukazaa ngoma ya beni, ambayo jina lake lenyewe limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Lakini kule Ulaya na Marekani tuba iliingia pia katika kumbi za okestra, na huko ndiko Jacobs alikojenga maisha yake.

Mtoto wa mpiga kinanda

Arnold Jacobs alizaliwa tarehe 11 Juni 1915 katika jiji la Philadelphia, lakini alikulia California. Mama yake alikuwa mpiga kinanda, na hata uzeeni Jacobs aliendelea kusema kwamba huyo ndiye aliyemtia muziki moyoni. Alianza kwa baragumu lisilo na vali. Mama alikuwa akipiga mlio kwenye piano, na mtoto akiutafuta mlio huo kwa midomo yake mpaka aupate. Hakuna aliyemwambia akaze msuli gani. Alisikia, akaiga.

Inafaa kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu nusu karne baadaye profesa huyo alikuwa akiwafundisha watu wazima njia ileile.

Kutoka kwenye baragumu aliingia kwenye tarumbeta, kisha tromboni, na hatimaye tuba. Akiwa na umri wa miaka 15 alipata ufadhili wa kusoma katika Taasisi ya Muziki ya Curtis, mjini Philadelphia, moja ya shule zenye masharti magumu kabisa ya kujiunga. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na kijana huyo alipiga muziki usiku katika bendi za densi ili kujipatia fedha. Pale Curtis mwalimu wake wa tuba alikuwa Philip Donatelli, mpiga tuba wa Okestra ya Philadelphia, na okestra ya wanafunzi ilikuwa chini ya Fritz Reiner, mzaliwa wa Hungary aliyeogopwa na wanamuziki kwa ukali wake. Alipita pia mikononi mwa Marcel Tabuteau, Mfaransa mpiga obo ambaye mafundisho yake yaliathiri kizazi kizima cha wapuliza ala wa Marekani.

Alihitimu mwaka 1936. Mwaka uliofuata alipata kazi katika Okestra ya Simfoni ya Indianapolis, na mwaka 1939 akahamia Pittsburgh, ambako alimkuta tena Reiner, safari hii kama mwajiriwa badala ya mwanafunzi. Mwaka 1941 alizunguka na okestra ya vijana iliyoundwa na Leopold Stokowski. Mwaka 1944, wakati vita vya pili vya dunia vikiendelea, aliajiriwa Chicago. Alikuwa na umri wa miaka 29, na hakuhitaji kutafuta ajira nyingine tena.

Tuba ya dola 175

Haiwezekani kumzungumzia Jacobs bila kuitaja ala yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Stokowski, aliyekuwa kiongozi wa Okestra ya Philadelphia, alitaka sauti nzito ya chini inayofanana na ile ya kinanda kikubwa cha kanisani. Kampuni ya York, iliyokuwa katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ikatengeneza tuba kubwa isiyo ya kawaida, yenye bomba la urefu unaokaribia mita 5 likinyooshwa.

Tuba hiyo ilimfikia Donatelli, na hapo tatizo likajitokeza. Donatelli alikuwa mtu mnene. Kila alipojaza pumzi, tumbo lake liliisukuma ala mbele, na midomo yake ikaachana na kipulizio. Aliivumilia kwa muda, kisha akamuuzia mwanafunzi wake kwa dola 175. Jacobs hakuwa na fedha hizo kwa mkupuo, hivyo alilipa dola 5 kila wiki.

Alikuwa na tuba hiyo Indianapolis, Pittsburgh na Chicago. Baadaye alipata nyingine ya aina hiyohiyo, na zote mbili hatimaye zikawa mali ya okestra ya Chicago. Wataalamu wamezipima kwa kila chombo wanachokijua. Viwanda vya Uswisi, Japani na Marekani vimejaribu kuziiga, na tuba nyingi kubwa zinazouzwa leo kwa maelfu ya dola ni watoto wa ile iliyouzwa kwa sababu ya tumbo la mwenyewe.

Kiti kimoja

Okestra kubwa ina wapiga fidla zaidi ya 30, wapiga tarumbeta watatu au wanne, wapiga tromboni watatu au wanne. Mpiga tuba ni mmoja. Hana msaidizi, wala hana wa kujificha nyuma yake. Akikosea, amekosea peke yake.

Hesabu hiyo ndiyo inayoyafanya maisha ya mpiga tuba kuwa tofauti na ya wenzake. Vyuo hutoa wahitimu kila mwaka, ilhali kiti hufunguka tu mwenye nacho anapostaafu au kufariki. Kijana aliyezaliwa Chicago mwaka Jacobs alipoajiriwa angeweza kusoma, kuhitimu, kuoa na kulea watoto wake mpaka wakawa watu wazima, bila kiti hicho kutangazwa hata mara moja.

Ndiyo maana okestra na chuo kikuu vimekwenda pamoja katika riwaya ya maisha ya karibu kila mpiga tuba mashuhuri wa Marekani. Kwanza, kwa miaka mingi msimu wa okestra haukujaza mwaka mzima na mshahara wake haukutosha, hivyo kufundisha kulikuwa sehemu ya riziki. Pili, nafasi ya uprofesa ilikuwa karibu njia pekee nyingine ya kuishi kwa tuba. William Bell, aliyepiga katika okestra ya redio ya NBC chini ya Arturo Toscanini na kisha New York Philharmonic, alimalizia kazi yake akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Indiana, ambako alifundisha kuanzia 1961 hadi alipofariki mwaka 1971. Aliyemrithi huko, Harvey Phillips, alifundisha hadi 1994, na ndiye aliyeanzisha mwaka 1974 tamasha la nyimbo za Krismasi zinazopigwa na tuba tupu, kwa kumuenzi Bell.

Jacobs alikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na kwa muda mrefu. Okestra ya Chicago ilipitia mikono ya viongozi kadhaa alipokuwamo: Désiré Defauw, Artur Rodziński, Rafael Kubelík, kisha Reiner yuleyule kuanzia 1953, Jean Martinon, na kuanzia 1969 Georg Solti. Ni katika zama za Reiner na Solti ambapo safu ya shaba ya Chicago ilipata sifa duniani. Adolph Herseth alishika tarumbeta ya kwanza tangu 1948 hadi 2001. Edward Kleinhammer alipiga tromboni ya besi kuanzia 1940 hadi 1985, maana yake yeye na Jacobs waliketi bega kwa bega kwa zaidi ya miongo minne. Wapo wanandoa wasiofikisha muda huo.

Mwaka 1968 wapiga shaba wa okestra tatu, za Chicago, Philadelphia na Cleveland, walikutana kurekodi muziki wa Gabrieli, mtunzi wa Venice, na sahani hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Mwaka 1977 Jacobs alirekodi na okestra yake, chini ya uongozi wa Daniel Barenboim, utungo wa Mwingereza Ralph Vaughan Williams wa tuba na okestra. Utungo huo ulikuwa wa mwaka 1954. Ndio wa kwanza wa aina yake kuandikwa na mtunzi wa daraja la juu, na ulipotoka Jacobs alikwishatumikia Chicago kwa miaka kumi. Kwa maneno mengine, alifikia kilele cha fani yake kabla fani hiyo haijawa na kipande kikubwa cha kujionyeshea.

Mapafu

Tuba hula pumzi kuliko ala nyingine zote za shaba. Katika noti za chini zinazopigwa kwa nguvu, pafu lililojaa humalizika baada ya sekunde chache tu. Mtu angetarajia kwamba aliyeshika kiti cha Chicago kwa miaka 44 alikuwa na kifua cha mpiga mbizi wa lulu. Haikuwa hivyo. Maradhi ya utotoni na pumu iliyompata ukubwani vilimwachia Jacobs mapafu yenye uwezo mdogo kuliko wa watu wengi wa kimo chake, na uwezo huo ulizidi kupungua kadiri alivyozeeka.

Alilazimika basi kujua hasa pumzi inakwenda wapi. Alianza kusoma vitabu vya tiba, anatomia na fiziolojia, na akashirikiana na madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago waliokuwa wakichunguza mapafu. Wapuliza ala walipimwa: ujazo wa mapafu, kasi ya pumzi inayotoka, na shinikizo ndani ya kinywa wakati wa kupiga.

Matokeo yalipingana na mengi yaliyokuwa yakifundishwa. Kwa vizazi, walimu wa ala za shaba walikuwa wakiwaambia wanafunzi wakaze tumbo, kwamba huko ndiko kupata nguvu. Jacobs alieleza kwamba tumbo lililokazwa si dalili ya pumzi inayotembea. Mwili una namna ya kufunga koo na kubana pumzi kifuani unapotaka kunyanyua mzigo mzito, au mama anapojifungua. Shinikizo la ndani huwa kubwa mno, lakini hewa haitoki. Mwanafunzi anayekaza tumbo kwa bidii mara nyingi anaamsha hali hiyohiyo, kisha anashangaa kwa nini sauti imekwama.

Alisisitiza pia tofauti kati ya shinikizo na mtiririko. Obo huhitaji shinikizo kubwa na hewa kidogo, kiasi kwamba mpigaji hubaki na pumzi asiyoitumia. Tuba ni kinyume chake: hewa nyingi, shinikizo dogo. Mtu aliyefundishwa kupuliza kwa kusukuma, kama anayejaza baiskeli upepo, huwa adui wa nafsi yake akishika tuba.

Yeye mwenyewe alitumia ujanja wa maskini: alivuta pumzi mara nyingi zaidi. Alitafuta nafasi katika kila sentensi ya muziki ambapo pumzi ingeweza kuingia bila wimbo kukatika, na wasikilizaji wakabaki wakidhani ana kifua kisicho na mwisho. Alitaka kila pumzi iwe imejaa, akieleza kwamba pafu lililojaa hutoa hewa kwa wepesi na lililokaribia kuisha huidai misuli ikamuliwe. Kwa mtu mwenye hazina ndogo, kusubiri mpaka iishe ndiko kufilisika.

Mwezi Januari 1978 alialikwa kuzungumza katika Hospitali ya Michael Reese, mjini Chicago, kuhusu namna kupiga ala za kupuliza kunavyoweza kuwasaidia watoto wenye pumu. Alikuwa akizungumzia jambo aliloishi nalo.

Wimbo na upepo

Mafundisho yake alikuwa akiyafupisha kwa maneno mawili, wimbo na upepo, na ndiyo yaliyokuwa jina la kitabu alichoandikiwa na Brian Frederiksen mwaka 1996. Wimbo ulitangulia. Kwa Jacobs mpigaji ana tuba mbili, moja mikononi na nyingine kichwani. Ile ya mikononi haina akili. Huakisi tu kile kinachoimbwa katika ile ya kichwani, na kama huko kuna ukimya au hofu, huakisi hivyo pia.

Alipenda kulieleza hilo kwa njia ya neva. Neva ya tano ya kichwa hupeleka ubongoni habari za hisia kutoka usoni na midomoni. Neva ya saba hupeleka amri kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli ya uso na midomo. Mwanafunzi mwenye wasiwasi hutumia muda wote akiisikiliza neva ya tano: midomo inajisikiaje leo, imevimba, imechoka? Jacobs alimtaka atume ujumbe wa wimbo kupitia neva ya saba na aache kuuliza maswali. Anayezungumza hafikirii ulimi wake uko wapi. Hulifikiria neno, na ulimi hufuata. Mtoto hujifunza lugha ya mama yake bila kuonyeshwa picha ya koo.

Kwa hiyo mazoea mabaya hakuyapiga vita. Aliona kwamba kulipigania zoea ni kuliimarisha, na kwamba dawa ni kujenga jipya pembeni mpaka la zamani lisahaulike kwa kukosa kutumiwa. Kwa ajili hiyo alimtenga mwanafunzi na ala yake. Alimpa kipulizio peke yake apige nyimbo kwa midomo, au mfuko wa lita kadhaa aujaze na kuumaliza ili aione hewa kwa macho, au kifaa cha hospitali chenye mpira mwepesi ndani ya mrija unaopanda kadiri mtu anavyovuta pumzi. Vifaa hivyo vilikuwa vigeni, na mwili haukuwa na zoea lolote baya kuhusu kifaa usichokijua. Pumzi ikishakaa sawa, alirudishiwa tuba.

Yapo maneno ya kusema upande wa pili. Wimbo na upepo limekuwa kaulimbiu ambayo baadhi ya walimu huirudia kana kwamba kuitamka kunatosha, na vifaa vile vya hospitali vimegeuka bidhaa zinazouzwa kwa wanafunzi ambao huenda walihitaji saa moja zaidi ya mazoezi. Wanaowaambia wanafunzi wasifikirie misuli husahau kwamba Jacobs aliijua misuli hiyo mmoja mmoja. Alisoma miaka mingi ili ajue ni kipi cha kumficha mwanafunzi. Isitoshe, alikuja Chicago akiwa amepikwa na Tabuteau na Reiner, watu wasiosamehe noti iliyopotea, na hakuacha kufanya mazoezi ya msingi mpaka alipostaafu.

Chumba cha Michigan Avenue

Mbali na Northwestern, Jacobs alifundisha nyumbani kwake na, kwa miaka mingi, katika chumba chake ndani ya jengo la Fine Arts, barabara ya Michigan, hatua chache kutoka ukumbi wa okestra. Si wapiga tuba pekee waliopanda huko. Walikuja wapiga tarumbeta na pembe, wapiga filimbi, waimbaji, na wanamuziki wa okestra kubwa ambao kazi zao zilikuwa hatarini kwa sababu midomo au pumzi vilikuwa vimeanza kuwaangusha.

Hao ndio waliomjua vizuri zaidi. Mpiga shaba anayeanza kushindwa kutoa noti ya kwanza hana wa kumweleza. Kwa daktari haonekani mgonjwa, na kwa mwajiri kukiri ni kujifukuzisha. Jacobs alikuwa mmoja wa watu wachache waliokuwa na elimu ya pande zote mbili, ya mwili na ya jukwaa, na wengi walitoka chumbani mwake wakiwa na kazi zao.

Alistaafu okestra mwaka 1988. Kiti kikatangazwa, na mwaka 1989 akaajiriwa Gene Pokorny, ambaye alikabidhiwa pia tuba ya York. Jacobs aliendelea kufundisha karibu mpaka mwisho. Alifariki mjini Chicago tarehe 7 Oktoba 1998, akiwa na umri wa miaka 83. Kiti cha tuba cha okestra hiyo sasa kimepewa jina lake rasmi.

Milango ya fani hiyo imepanuka kidogo tangu wakati wake. Mwaka 2006 Okestra ya Philadelphia, ileile ambayo tuba ya York iliagizwa kwa ajili yake, ilimchagua Carol Jantsch, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, kati ya waombaji wanaokaribia 200. Akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti cha tuba katika okestra kubwa ya Marekani, na baadaye naye akaingia darasani kufundisha. Richard Antoine White, aliyekulia katika umaskini wa Baltimore na kulala mitaani akiwa mtoto mdogo, alipata mwaka 2012 shahada ya uzamivu ya upigaji tuba katika Chuo Kikuu cha Indiana, na anatajwa kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico huku akipiga katika okestra za jimbo hilo.

Idadi ya viti haikubadilika. Kila okestra bado ina kimoja.